Barua Fupi ya Kuomba Kusikilizwa

Somo letu la leo ni juu ya barua moja fupi. Ni barua ya mtu anayeomba nafasi ya kusimama mbele ya wataalamu na kuwaeleza jambo alilolichunguza.

Labda mmoja wenu atauliza: "Mwalimu, mimi nimejua kusoma juzijuzi tu. Mambo ya wataalamu yananihusu nini?" Ni swali la haki. Nitalijibu kwa kisa cha kweli.

Mwaka 1963, huko Tanganyika, kijana mmoja aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akisoma katika shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aisikrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu. Lakini nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ndogo. Siku moja Mpemba aliona kwamba akingoja maziwa yake yapoe, wenzake watamwahi. Basi akayaweka yangali moto. Mwenzake mmoja aliweka yake bila kuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu wakaenda kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado hayajaganda.

Mpemba alimwuliza mwalimu wake sababu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Hakubisha, lakini hakulisahau. Baadaye alikwenda kusoma Mkwawa, Iringa. Siku moja akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, mtaalamu wa fizikia. Mgeni alipoomba maswali, Mpemba alisimama. Alisema hivi kwa maana yake: tukichukua vyombo viwili vilivyo sawa, tukatia maji ya kiasi kimoja, ya kwanza yakiwa na joto la digrii 35 na ya pili digrii 100, tukaviweka vyote katika jokofu, yale ya digrii 100 huganda kwanza. Kwa nini?

Wenzake walicheka. Osborne naye hakuamini mara moja, lakini aliahidi kulijaribu. Aliporudi Dar es Salaam jaribio likafanywa, na matokeo yakawa kama alivyosema kijana. Mwaka 1969 makala yao yalichapishwa Uingereza katika jarida la Physics Education. Makala hayo yalikuwa na majina mawili, na jina la Mpemba lilitangulia. Mpaka leo jambo hilo huitwa kwa jina lake duniani kote, na wataalamu bado wanabishana kama hutokea kila mara, na kwa sababu gani.

Sasa litazameni vizuri swali lile. Mpemba hakusema, "Maziwa yangu yaliganda upesi, mnaonaje?" Alisema ni vyombo gani, maji kiasi gani, joto gani, na nini kilitokea. Kwa hiyo hata mtu asiyeamini aliweza kwenda kujaribu mwenyewe. Kicheko cha darasa hakikuweza kuliua swali lililonyooka. Hilo ndilo fundisho la leo, na ndivyo barua yetu inavyotakiwa kuandikwa.

Mkutano wa wataalamu huitwa kongamano. Watu hukutana siku mbili au tatu, kila mmoja hupewa muda mfupi, mara nyingi dakika 15 au 20, aeleze alichokichunguza, kisha huulizwa maswali. Yako makongamano ya kilimo, ya uvuvi, ya afya, ya historia, na ya lugha yetu ya Kiswahili. Miezi kadhaa kabla ya mkutano, wenyeji hutoa tangazo. Tangazo hilo huitwa wito wa makala. Siku hizi husambazwa zaidi kwa barua pepe na kwa simu.

Ukipata wito, usikimbilie kalamu. Usome mara mbili, utafute mambo matatu. Kwanza, mada ya mkutano ni nini? Mwenye habari za nyuki asiombe nafasi katika mkutano wa ushairi. Pili, mwisho wa kupokea maombi ni tarehe gani? Ombi zuri lililochelewa laweza lisisomwe kabisa. Tatu, maneno yasizidi mangapi? Mara nyingi ni 250 au 300. Wakisema 300, usipeleke 500 ukidhani umewapa nyongeza. Umewaonyesha tu kwamba hukusoma tangazo lao.

Maelezo hayo mafupi huitwa ikisiri. Ikisiri njema hujibu maswali manne. Nilitaka kujua nini? Nilichunguza namna gani? Niliona nini? Na jambo hilo lina faida gani kwa wengine?

Tuseme yuko mkulima anayetaka kusema juu ya kuhifadhi mahindi. Ni mtu wa mfano tu, na hesabu zake ni za mfano. Mara ya kwanza aliandika hivi: "Wadudu ni adui mkubwa wa mkulima. Maisha yamekuwa magumu. Nina mambo mengi ya kuwaeleza wataalamu kuhusu majivu, na naamini mtafurahi." Je, tumejua nini hapo? Hatujui alifanya nini wala aliona nini. Akaandika tena hivi:

"Majivu na Dumuzi. Wakulima wengi kijijini kwetu huchanganya mahindi na majivu ya kuni. Wengine husema ni kazi bure. Nilitaka kujua nani anasema kweli. Nilijaza madebe mawili mahindi ya shamba moja, yaliyovunwa siku moja. Katika debe la kwanza nilitia vikombe vitatu vya majivu. Katika la pili sikutia kitu. Niliyafunika yote, nikayaweka chumba kimoja kwa miezi minne. Kisha nilihesabu punje 100 za kila debe. Penye majivu, punje 11 zilikuwa zimetobolewa. Pasipo majivu, punje 43. Nitaeleza nilivyofanya, na kwa nini jaribio hili lafaa kurudiwa kwa madebe mengi zaidi."

Maneno hayo hayafiki 100, na maswali yote manne yamejibiwa. Tena mwandishi hakujisifu. Hakusema amemaliza vita vya dumuzi. Amesema jaribio lirudiwe, kwa sababu madebe mawili ni machache. Wataalamu humwamini zaidi mtu anayejua mwisho wa ujuzi wake.

Ombi likifika, husomwa na kamati. Katika makongamano mengi wasomaji hufichwa jina la mwombaji, ili wapime maneno yake, wasipime cheo chake. Jibu huwa la namna tatu: umekubaliwa, urekebishe kwanza, au umekataliwa. Ukikataliwa, usirarue karatasi. Uliza kwa adabu sababu ni nini, urekebishe, upeleke mahali pengine. Hata wenye shahada kubwa hukataliwa.

Sitawaficha kwamba makongamano mengine hupendelea watu wa vyuo vikuu. Ukiona mlango huo ni mzito, tafuta mwenzako wa kuusukuma pamoja nawe: bwana shamba, mwuguzi, mwalimu, au mtafiti aliyewahi kuja kijijini kwenu. Lakini kabla ya kumweleza ujuzi wako, mpatane jambo moja: majina yenu yote mawili yaandikwe. Wako watu wengi ambao ujuzi wao wa dawa, wa mbegu au wa hadithi za wazee ulichukuliwa, ukasomwa katika mikutano ya mbali, na wao hawakutajwa. Kumbukeni kwamba jina la Mpemba halikuachwa nje. Kumwomba mtu aandike jina lako si utovu wa adabu. Ni haki yako.

Jambo la mwisho ni onyo. Wako matapeli wanaotangaza makongamano ya uongo. Dalili zao si ngumu kuzijua. Hukusifu sana bila kukujua. Hukukubali siku ileile uliyopeleka ombi, bila swali hata moja. Hukuhimiza ulipe fedha upesi. Ni kweli makongamano ya haki nayo mara nyingi hutoza ada. Kwa hiyo usitoe hata senti kabla ya kujua ni chuo gani au chama gani kinachoita mkutano, na kabla ya kuuliza chuo hicho chenyewe kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, si ile uliyopewa na anayetaka fedha. Ukiona shaka, mwonyeshe mwalimu wako wa darasa.

Basi, ndugu zangu, huenda wengi wenu hamtasimama katika kongamano. Lakini kila mmoja wenu ana siku atakayotaka kusikilizwa, iwe katika mkutano wa kijiji, chama cha ushirika au kamati ya shule. Maswali yale manne yatamfaa huko pia. Mliingia darasani ili msome maneno ya watu wengine. Sasa na watu wengine wasome ya kwenu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MANENO MAPYA
Kongamano: mkutano wa watu wanaojadili ujuzi wa aina moja.
Wito wa makala: tangazo la kuwaalika watu walete maombi ya kusema katika kongamano.
Ikisiri: maelezo mafupi ya jambo utakalolisema.

MASWALI
1. Mpemba alitaja mambo gani katika swali lake hata likaweza kujaribiwa?
2. Ni mambo gani matatu ya kutafuta katika wito wa makala?
3. Kwa nini ikisiri ya kwanza ya mkulima haikufaa?
4. Taja dalili mbili za kongamano la uongo.
5. Fikiri jambo moja unalolijua kwa kazi ya mikono yako. Liandikie ikisiri ya maneno yasiyozidi 60, ukijibu maswali manne. Msomee jirani yako darasani, naye akwambie kama ameelewa ulichofanya na ulichoona.