Kabla ya Kutia Sahihi Yadini
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Rombo)



Nimetakiwa niseme juu ya kununua motokaa kwa mkopo. Mimi si mwanasheria wala si karani wa benki. Kazi yangu ni ya reli, pale Emali, na hesabu nilifundishwa katika shule ya misheni. Lakini kwa shauri hili hesabu zile zatosha.

Sisi watu wa Rombo twajua kwa nini tunataka gari. Nyanya na vitunguu havingoji. Mwenye pikapu hupakia mwenyewe na kufika sokoni mapema. Asiye nayo hupokea bei ya mwenye gari. Basi mtu akipata likizo na akiba kidogo hushika njia kwenda Kitengela, ambako yadi za magari zimepangana kando ya barabara ya Namanga. Huko ataambiwa gari ni jipya. Maana yake ni jipya hapa Kenya. Mengi yamekwisha kutumika Japani, kwani sheria hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Hakuna ubaya katika hilo, mradi usilipe bei ya gari lililotoka kiwandani juzi.

Sasa sikilizeni swali la kwanza la muuzaji. Hataanza kwa kusema bei. Atakuuliza, "Ndugu, kwa mwezi unaweza kutoa ngapi?" Usilijibu swali hilo. Ukisema 50,000, basi umekwisha kumpa kipimo, naye atakata nguo kwa kipimo hicho. Atarefusha miezi mpaka itoshe. Wewe muulize, "Nikilipa leo pesa taslimu, bei ni ngapi?" Shindana naye juu ya bei hiyo kwanza mpaka mwisho, kana kwamba huna habari ya mkopo. Yakiisha hayo, ndipo mfungue mazungumzo ya mkopo kama shauri jingine.

Niwape mfano wa hesabu. Gari linatakiwa Shs. 1,250,000. Muuzaji anasema, kwa kuwa wewe ni mtu wa reli, atakutolea 50,000. Unafurahi. Unatoa 400,000 ya kwanza, zinabaki 800,000 za kulipa kwa miezi 24. Riba, anasema, ni asilimia 2 tu kwa mwezi.

Hapa ndipo penye mtego. Asilimia 2 ya nini? Ikiwa ni ya zile 800,000 za mwanzo, mwezi hata mwezi, hata ukiwa umekwisha kulipa nusu yake, basi riba ni 16,000 kila mwezi, jumla 384,000. Utalipa karibu 49,333 kwa mwezi. Lakini ikiwa asilimia 2 yahesabiwa juu ya deni lililobaki, ambalo hupungua kila ulipapo, malipo ni kama 42,300 kwa mwezi na riba yote ni kama 215,000. Tofauti ni karibu 169,000. Alikupa 50,000 kwa mkono wa kulia, akachukua zaidi ya mara tatu yake kwa mkono wa kushoto, naye hakusema uongo hata neno moja. Asilimia ilikuwa 2 kweli.

Kwa hiyo nendeni na karatasi ya pili mfukoni. Kabla ya kupanda gari kwenda Kitengela, pita kwenye chama chako cha akiba na mikopo. Wakikukopesha zile 800,000 kwa asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, utalipa kama 37,700. Hata kama Sacco haikutoshelezi fedha zote, karatasi hiyo mezani hubadili sauti ya muuzaji. Mtu asiye na pengine pa kwenda hana punguzo.

Na ulizeni jambo ambalo wachache huuliza: nikimaliza deni kabla ya wakati, riba ya miezi iliyobaki nasamehewa? Mavuno yakiwa mema huenda ukataka kumaliza kwa mwezi wa 15. Ikiwa riba yote imekwisha kuandikwa kuwa deni tangu siku ya kwanza, kumaliza mapema hakukufaidii kitu. Jibu liandikwe katika mkataba. Ahadi ya mdomo haina mhuri.

Ada za kuandika mkopo, chombo cha kufuatilia gari, bima kubwa: zote ziandikwe kwa tarakimu, na bima ulizia kwingine pia.

Sasa nataka tukae kidogo juu ya mkataba wenyewe. Kenya tuna sheria ya mwaka 1968 juu ya mkataba wa kukodi na kununua, yaani ule ambao gari hubaki mali ya mwenye kukodisha mpaka shilingi ya mwisho. Sheria hiyo, kwa mikataba inayoihusu, yasema ukishalipa theluthi mbili ya bei yote, mwenye gari hawezi kulitwaa bila kwenda kortini. Katika mfano wetu bei yote ni 1,584,000, pamoja na ile 400,000. Theluthi mbili ni 1,056,000. Utaivuka kwa malipo ya mwezi wa 14.

Yuko mwenzetu mmoja, jina silitaji wala yadi siitaji, aliyelipa miezi 15. Mvua zikaharibu njia, miezi miwili akachelewa. Walikuja alfajiri wakalivuta gari likiwa na makreti ya nyanya ndani. Alikuja kwetu akiwa na tumaini la theluthi mbili. Tulipoisoma karatasi yake, haukuwa mkataba wa kukodi na kununua. Ulikuwa mkopo wa kawaida, gari likiwa dhamana, na hayo yana sheria yao nyingine ya mwaka 2017. Kinga aliyoitegemea haikuwa yake. Hata leo mama watoto wake huuza nyanya kwa bei ya mwenye gari. Basi someni kichwa cha mkataba kabla ya kusoma tarakimu, na muulize ni sheria ipi inayoutawala.

Jambo jingine ni mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 yamkataza mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili ya mshahara wako. Lakini deni la yadi mara nyingi halikatwi na mwajiri. Hutolewa benki baada ya mshahara kuingia, na pale sheria hiyo haikuoni. Andika mwenyewe kile kitakachobaki, karo ikiwamo, na mwezi usio na mavuno ukiwamo.

Logibuku huandikwa kwa majina mawili, lako na la mkopeshaji. Deni likiisha, dai barua ya kumaliza na jina lake litolewe NTSA.

Ndugu Katibu amekubali kwamba mwanachama mwenye mkataba ambao hajautia sahihi aulete ofisini tuusome pamoja. Usiokwisha kutiwa sahihi, nimesema. Nami nitakuwa na kalamu. Sasa Bwana Mwenyekiti, kama kuna maswali, niko tayari.