MEDALI NI YA TAIFA

Askari wanaolinda mpaka wa Busia na Tororo wana la kujifunza katika maisha ya John Akii-Bua, askari wa polisi ya Uganda. Mwaka 1972, mjini Munich, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia. Rais Idi Amin alimtukuza. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1979, alihofia kuhesabiwa mtu wa Amin. Akavuka mpaka wa mashariki, akawekwa katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya. Baadaye alirejea, akafundisha riadha. Alipofariki mwaka 1997, akiwa na miaka 47, taifa lilimzika kwa heshima. Watawala hupita, utumishi wa askari ni wa taifa.