Mkesha wa Mashairi katika Sinagogi ya Ades

Karibu na soko la Mahane Yehuda, mjini Yerusalemu, ipo sinagogi ya Ades, iliyojengwa mwaka 1901 na Wayahudi waliohamia huko kutoka Aleppo, Syria. Majira ya baridi, kati ya sikukuu ya Vibanda na Pasaka, waumini huanza kuingia mnamo saa tisa usiku, kuamkia Jumamosi, siku ya Sabato. Huketi na kuimba mashairi hadi alfajiri, ndipo sala ya asubuhi inapoanza. Mkesha huo huitwa bakashoti.

Mashairi ni ya Kiebrania, ya kumsifu Mungu na kumwomba, lakini mahadhi yake ni ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Israel Najara, rabi wa Gaza aliyeishi karne ya 16 na ya 17, alichukua nyimbo za Kituruki na Kiarabu zilizokuwa zikivuma, akazitungia maneno ya ibada. Raphael Taboush wa Aleppo alifuata njia hiyo hiyo katika karne ya 19. Wasanii wa taarab Unguja, waliotia Kiswahili ndani ya mahadhi ya Misri, wanaijua vyema kazi hiyo. Mizani nayo ina asili ya Kiarabu: Dunash ben Labrat, mshairi wa karne ya 10, ndiye aliyeingiza vipimo vya ushairi wa Kiarabu katika Kiebrania, na wanasarufi wa wakati wake walimshambulia vikali. Watunzi wengi waliweka majina yao ndani ya mashairi, kila ubeti ukianza na herufi moja ya jina.

Waimbaji hujigawa pande mbili. Upande mmoja huimba ubeti, wa pili ukapokea. Shairi likiisha, mtu mmoja huinua sauti peke yake kwa aya ya Biblia, akiivuta polepole kutoka maqamu iliyokwisha hadi maqamu inayofuata. Hapo ndipo ustadi hupimwa, kwa kuwa akikosea njia, wote watakaompokea watapotea. Chai ya moto hupitishwa.

Sheria ya Sabato inakataza kupiga ala, kuandika na kuwasha umeme. Hakuna udi, hakuna kipaza sauti, wala mkesha wenyewe haurekodiwi. Kanda zilizopo zilirekodiwa siku nyingine za wiki. Ugumu huo ndio uliolifanya shairi kuwa mali ya jamii nzima, kwa sababu asiyehudhuria hausikii mkesha wenyewe, na mtoto hana budi kukaa kando ya mzee na kusikiliza.

Wayahudi wa Moroko wana mkesha kama huo, ila kwao kila Sabato ina mashairi yake. Kitabu chao kikuu, Shir Yedidot, kilichapishwa Marrakesh mwaka 1921. Bingwa wao alikuwa David Bouzaglo, aliyezaliwa mwaka 1903 na kufariki mwaka 1975. Alipofuka macho, lakini aliendelea kutunga na kufundisha kwa sauti, kwanza Casablanca na baadaye Israeli, alikohamia mwaka 1965. Mwanafunzi wake Haim Louk ameyafikisha mashairi hayo kwenye majukwaa ya okestra za Kiandalusi, katika siku ambazo ala zinaruhusiwa.