Sumuni ni Fungu Gani?

Leo nitasema habari ya neno moja dogo, nalo ni sumuni.

Juzi kijana mmoja wa mtaa huu aliniletea barua ya jamaa zake wa Mombasa, naye amekasirika sana. Baba yake amefariki, na barua yasema kwamba fungu la mama yake katika urithi ni thumuni. "Bwana," akaniambia, "wanamtupia mama yangu senti hamsini!" Ndivyo alivyomsikia nyanya yake akiiita ile sarafu ya zamani.

Sumuni na thumuni ni neno moja, lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni sehemu moja ya nane. Huenda mtu akauliza: senti hamsini ni nusu ya shilingi, yawezaje kuwa sehemu ya nane? Naam, si ya shilingi, bali ni ya reale. Zamani watu wa pwani walihesabu fedha kwa reale, nayo walizoea kuihesabu kuwa rupia mbili. Rupia ilipoondolewa na shilingi kuletwa, kati ya mwaka 1920 na 1922, kila rupia ilikuwa sawa na shilingi mbili. Basi reale ikawa shilingi nne, na sehemu yake ya nane ni senti hamsini. Reale ilitoweka, jina likabaki midomoni pamoja na ndururu, ile senti tano yenye tundu, na peni ya senti kumi. Siku hizi hata sumuni yenyewe haitengenezwi; sarafu mpya za Kenya zilizotolewa mwaka 2018 zaanzia shilingi moja.

Sasa turudi kwenye barua. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane ambaye mumewe ameacha watoto hupata thumuni ya mali, baada ya kutolewa gharama za mazishi, madeni na wasia. Wajane wakiwa wawili au zaidi, hugawana thumuni hiyo hiyo. Basi mali iliyobaki ikiwa shilingi 800,000, fungu la mama huyu ni shilingi 100,000.

Kijana alinyamaza. Jibu kali alilokuwa amekwisha kuliandika akalikunja, akalitia mfukoni, kisha akaniomba kalamu aandike jingine, la kuuliza mali yote ni kiasi gani.