Ukuta Uliofungwa Kabla ya Taa

Mlio na Biblia karibu, fungueni 1 Mambo ya Nyakati, sura ya 28. Lakini kabla ya kufika huko, twataka kuwasimulia habari za nyumba ambayo sisi, mume na mke, tumeijenga juu ya meza ya chakula.

Msicheke. Ni nyumba ndogo sana, na ilitufikia kwa posta ndani ya sanduku: vipande vya mbao nyembamba vilivyokatwa tayari na kutiwa namba, vitambaa, karatasi za ukutani, nyaya, taa ndogo kama punje za mtama, na kijitabu cha maagizo. Watu wa nchi nyingi huzijenga ili kujiburudisha baada ya kazi. Kipimo cha yetu ni 1 kwa 24, basi mlango ambao kwenu ni wa mita 2, humo ni sentimita 8 na kitu. Iliyo mashuhuri kuliko zote alitengenezewa Malkia Mary wa Uingereza, ikamalizika mwaka 1924, naye mchoraji wake alikuwa Edwin Lutyens. Mpaka leo iko katika ngome ya Windsor. Iliwekewa maji ya mfereji, taa za umeme, lifti, na maktaba ya vitabu vidogo ambavyo vingi viliandikwa kwa mikono ya waandishi wenyewe. Wala hakuna mtu aliyepata kulala humo hata usiku mmoja.

Yetu ilitoka kwa mwana wetu aliye ng'ambo. Ndani ya sanduku hamkuwa na barua.

Basi kila jioni, vyombo vikiisha kuoshwa, tulivaa miwani tukaketi. Viti tulivishika kwa kibano, gundi tukaipaka kwa kijiti cha meno. Ukikosea kwa milimita moja chini, paa halikai juu. Kijitabu kiliagiza kwamba nyaya za taa zipitishwe kwanza, ndipo ukuta wa nyuma utiwe gundi. Lakini ukuta ule ulikuwa na karatasi ya maua, nasi tulitamani kuuona umesimama, tukaufunga. Siku ya pili tukaiona taa ya chumba cha kulala imebaki kwenye sahani, na waya wake.

Mmoja wetu alisema, "Tuweke kabati hapo mbele. Nani atachungulia chumba cha juu?" Mwingine hakujibu. Nyumba ilikaa siku tatu bila kuguswa.

Katika siku hizo zamu yetu ya kusoma nyumbani ilifika sura hiyo ya 28. Ni sura tuliyozoea kuisikia wakati wa harambee ya kujenga kanisa, na labda ndiyo sababu hatukuwa tumeisikia vizuri. Daudi ampa Sulemani mfano wa hekalu, vyumba na ghala zake, hata uzani wa dhahabu ya vinara. Lakini tazameni mstari wa 3. Kabla hajautoa mfano huo, mzee yule asema waziwazi, mbele ya wakuu wote wa Israeli na mbele ya mwanawe, kwa nini Mungu alimkataza kuijenga nyumba ile: alikuwa mtu wa vita, amemwaga damu. Hasingizii uzee wala kazi nyingi. Angeweza kuweka kabati hapo mbele, naye ni mfalme, nani angemwuliza?

Wasikilizaji, mwana wetu alipooa, sisi hatukwenda arusini. Tulimwambia kwamba gari liliharibika njiani. Gari lilikuwa zima, limesimama uani. Tulikasirika kwa kuwa alichagua mke bila kutuuliza. Tangu siku ile tumempigia simu nyingi, tukaulizia hali ya hewa, na afya, na kazi, kila neno likiwa fanicha nzuri katika chumba kisicho na taa.

Usiku ule tuliufungua ukuta kwa wembe. Karatasi ya maua ilipasuka, na kiraka chake chaonekana hata leo. Waya ukapita. Kisha tukaondoa gundi mezani, tukaleta kalamu, tukaandika habari ya lile gari, sote wawili tukatia sahihi, na jina la mkewe tukaliandika juu pamoja na lake.

Barua tumeipeleka posta. Jibu halijaja. Taa ya chumba cha juu huiwasha mmoja wetu kila magharibi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemsikia Daudi mbele ya mwanawe, utusikie na sisi. Uwalinde watoto wetu walio mbali. Barua yetu ifike salama, na wao wasije wakaisoma kwa uchungu. Katika jina la Yesu. Amina.