Kitanda angani ni cha nani?

Wasikilizaji, huko Marekani abiria mwenye pesa hulala chali kati ya New York na Los Angeles: safari ya ndani ya nchi, saa sita hivi, kiti kinakunjuka kuwa kitanda. Na sisi Bukavu tudai vitanda hivyo? Kinshasa iko mbali, zaidi ya kilomita 1,500, hata saa zetu zinapishana. Lakini angani ni saa mbili na kitu tu. Usingizi haujakolea, rubani anashusha magurudumu. Tena kitanda kimoja hula nafasi ya viti kadhaa; bei hiyo ataimudu nani, kama si mbunge?

Mimi ningewatetea wagonjwa. Machela katika ndege ya abiria hufungwa juu ya viti kadhaa, na kwa kawaida familia hulipishwa vyote. Hapo ndipo mashirika ya ndege yangelegeza bei. Ila tangu waasi wa M23 wauteke uwanja wetu wa ndege wa Kavumu, Februari 2025, wengi wanaokwenda Kinshasa huanza kwa kuvuka mto Ruzizi, begi kichwani, karatasi za mpaka mkononi. Kwanza uwanja ufunguliwe.