Kobe wa Maji Ni Jirani Yetu

Hapa Kitengela na Kajiado, mvua ikinyesha na silanga zikijaa, huenda ukamwona kobe wa maji akivuka barabara. Huyu si kasa wa baharini. Akiogopa, hukunja shingo ubavuni chini ya gamba. Hula viluwiluwi, wadudu, hata mizoga, na hivyo husaidia kusafisha maji. Kiangazi kikikausha dimbwi, hujifukia matopeni akingoja mvua. Basi ukimwaga taka au vifusi vya ujenzi kwenye dimbwi kavu, unaweza kumzika hai. Wala usimpeleke nyumbani: sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inakataza kufuga mnyamapori bila kibali. Mwache avuke. Akiwa amejeruhiwa, iarifu ofisi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) iliyo karibu nawe.